Ambacho Hukupewa

Mwanamke alikuwa ameketi ukingoni mwa gati, amewapa abiria mgongo, anachambua nyavu. Jua lilikuwa halijapanda na boti yetu haijaanza kupakia. Kijana mmoja katika msafara wetu akamwona, akasogea, akainua kamera. Mwanamke akageuka, akaona kinachoendelea, akanyanyua kiganja mbele ya uso wake.

Hakupiga kelele. Hakutukana. Kiganja tu.

Kijana akatabasamu kama mtu aliyeelewa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akavuta lenzi, akasubiri. Mwanamke aliposhusha mkono ili aendelee na kazi yake, kamera ikalia.

"Nimempata," akamwambia mwenzake.

Sitataja gati lile liko wapi, wala sitaeleza sura ya yule mwanamke. Hakutaka kuonekana, na kumchora kwa maneno mbele yenu kungekuwa kumwingilia kwa mlango wa nyuma. Ninachoweza kusema ni kwamba wiki zimepita tangu nirudi, mengi ya safari ile yameanza kufifia, na kiganja kile bado kinanikosesha raha.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kijana yule si mtu mbaya. Ndiye aliyejifunza salamu za lugha ya wenyeji kabla hatujafika. Ndiye aliyekuwa akiokota chupa za plastiki ufukweni wakati sisi tumelala. Ungemuuliza kama ni msafiri mwenye heshima angejibu ndiyo bila kusita, na sote tungemtolea ushahidi. Wala hakuvunja sheria, kwani gati ni mahali pa umma na yeyote anaweza kupiga picha pale.

Hapo ndipo nilipokwama.

Bango lililoomba

Mashauri kuhusu safari za heshima yamejaa tele. Vaa inavyofaa, vua viatu panapovuliwa, usitupe taka, usiguse matumbawe, usipaze sauti mahali pa ibada. Umoja wa Mataifa nao una kanuni zake za maadili ya utalii, zilizopitishwa mjini Santiago mwaka 1999. Yote hayo ni mema na sina ugomvi nayo. Lakini mtu anaweza kuyashika yote, moja baada ya jingine, na bado akaondoka na sura ya mtu aliyemkatalia waziwazi.

Nilipokuwa nikilitafakari hili, nilirudi tena na tena kwenye habari za Uluru.

Uluru ni lile jiwe kubwa jekundu lililo katikati ya Australia. Kwa Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ni mahali patakatifu, na njia waliyokuwa wakipandia watalii inafuata mapito ya mababu katika simulizi zao za kale. Mwaka 1985 serikali iliwarudishia ardhi yao kwa hati, nao wakaikodisha kwa serikali hiyo hiyo kwa miaka 99 ili iendelee kuwa hifadhi. Kupanda kukaendelea. Chini ya jiwe, karibu na pale mnyororo wa kushikia ulipokuwa ukianzia, pakawa na bango la wenyeji likiwaomba wageni wasipande.

Liliomba. Halikukataza.

Na kwa miaka mingi watu walilisoma, wengine wakalipiga picha, kisha wakalipita na kuushika mnyororo. Zaidi ya watu 30 wamefia katika kupanda huko tangu katikati ya karne iliyopita, wengi kwa moyo kushindwa au kuanguka. Juu hakuna choo, na Waanangu walilalamika kwamba mvua ikinyesha uchafu wa wapandaji huteremka hadi kwenye vidimbwi vya maji vilivyo chini. Jambo lililonigusa kuliko yote ni lile ambalo wenyeji wenyewe wamelieleza mara nyingi: mgeni akifa juu ya jiwe lile, wao huomboleza, kwa sababu wanaamini aliyeko kwenye ardhi yao yuko mikononi mwao. Mtu anapuuza ombi lako, anaumia kwa kulipuuza, na wewe ndiye unayebeba msiba.

Bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, ilipiga kura mwaka 2017 kuifunga njia. Ilifungwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu ardhi irudishwe. Sasa angalia kilichotokea katikati. Tangazo lilipotoka, wapandaji waliongezeka. Kadiri siku zilivyokaribia, foleni zilirefuka, na siku ya mwisho watu walijipanga mstari mrefu toka alfajiri wakingoja upepo utulie ili waruhusiwe kuanza.

Watu hao walijua wenyeji hawataki. Walijua pia kwamba mlango unafungwa. Jambo la pili likawa na nguvu kuliko la kwanza.

Nadhani hili ndilo linalotufunua sisi wasafiri kuliko takwimu yoyote. Katazo tunalielewa upesi. Ombi tunalihesabu kama pambo.

Mawe yanayorudi kwa posta

Kuna upande wa pili wa habari hiyo. Ofisi za hifadhi ya Uluru hupokea vifurushi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Ndani mna mawe, vipande vya mwamba, michanga iliyofungwa kwenye vikopo, na barua za kuomba radhi. Walioyaondoa waliyaweka kabatini kama kumbukumbu, kisha miaka ikapita, na siku moja wakaona hawawezi tena kuishi nayo. Wafanyakazi wa hifadhi huyaita mawe ya samahani.

Najiuliza ni nini kinachomfika mtu, sebuleni kwake, maelfu ya kilomita mbali, hadi aone jiwe dogo limekuwa zito. Hakuna polisi aliyemfuata. Hakuna aliyejua kwamba analo. Jiwe lenyewe ukiliona barabarani usingeliinamia.

Jibu lililonijia halikutoka Australia. Lilitoka Palau, nchi ndogo ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Tangu Desemba 2017, kila mgeni anayeingia Palau hugongewa muhuri wenye ahadi ndani ya pasipoti yake, na lazima aitie sahihi kabla ya kupita. Ahadi hiyo haielekezwi kwa serikali wala kwa idara ya uhamiaji. Inaelekezwa kwa watoto wa Palau. Miongoni mwa mambo ambayo mgeni anawaahidi watoto hao ni kwamba hatachukua kile ambacho hakupewa.

Hatachukua ambacho hakupewa.

Niliposoma maneno hayo nilimwona tena yule mwanamke na kiganja chake, na kwa mara ya kwanza niliweza kueleza kosa lilikuwa wapi. Kijana alijiuliza kama anazuiwa. Hakujiuliza kama anapewa.

Maswali haya mawili yanafanana sana ukiyatazama kwa haraka, na ndiyo maana tunayachanganya. La kwanza linakutazama wewe na mipaka yako: nitafika wapi kabla sijasimamishwa? La pili linamtazama mwenye kitu. Huwezi kulijibu bila kumgeukia, na ukimgeukia huenda akakwambia hapana. Pengine ndiyo sababu tunalikwepa.

Palau hawakuishia kwenye ahadi. Mwaka 2020 walikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku, nchi nzima, mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Walielewa kwamba ahadi peke yake haitoshi. Lakini walianza na ahadi, na mpangilio huo naupenda.

Kila katazo lilikuwa ombi kwanza

Mtaa wa Gion, mjini Kyoto, Japani, unajulikana kwa wanawake wasanii, geiko na wanafunzi wao maiko, wanaopita kwa miguu jioni kuelekea kazini. Wapo watalii waliowafukuzia vichochoroni, wakawazingira, wakawavuta mavazi ili wageuke kutazama kamera. Wakazi waliweka mabango ya kuomba ustaarabu. Kisha wakakataza kupiga picha kwenye njia binafsi na kutangaza faini ya yeni 10,000. Hatimaye mwaka 2024 wakawafungia wageni baadhi ya vichochoro hivyo kabisa.

Ukiisoma habari hiyo kuanzia mwisho, utasema watu wa Gion ni wakali. Ukiisoma kuanzia mwanzo, utaona watu walioomba, wakaomba tena, wakachoka.

Siku hizi nikikutana na bango la katazo mahali nilipokwenda kutembea, najaribu kuwaza ombi lililokuwapo kabla yake. Nani aliomba? Nani alipuuza? Ilichukua muda gani hadi uvumilivu ukaisha? Bango la faini ni kumbukumbu ya upole uliotumika ukaisha. Msafiri anayelalamika kwamba mahali fulani pamejaa masharti angefaa kujua kwamba masharti hayo yaliandikwa na waliomtangulia.

Viumbe wasio na sauti hawawezi hata kuomba. Ghuba ya Maya, nchini Thailand, ilikuwa ikipokea hadi watu 5,000 kwa siku, na boti zilikuwa zikitia nanga juu ya matumbawe. Ilifungwa mwaka 2018, na ilipofunguliwa Januari 2022 boti zilikuwa zimehamishiwa upande wa nyuma wa kisiwa na idadi ya watu ikawekewa kikomo. Katika kipindi kile cha utulivu, papa wadogo wenye ncha nyeusi mapezini walirudi kwenye maji ya kina kifupi. Waliondoka bila kumlalamikia mtu. Tungejuaje kwamba tuliwafukuza, kama pasingefungwa wakarudi?

"Ndiyo" ya mtu asiyeweza kukataa

Hadi hapo nilidhani nimepata jibu: omba, ukipewa chukua, usipopewa acha. Nilifurahi nalo kwa siku chache. Kisha likaanza kunitoka mikononi.

Fikiria msafara uleule, asubuhi ileile, ila kijana amesogea kwa adabu na kuomba picha. Kamera iko shingoni. Nyuma yake wamesimama wenzake wote wakitabasamu. Pembeni yupo kiongozi wa msafara, mwenyeji, ambaye mkate wake unatoka kwa wageni hawa, naye anamhimiza mwanamke kwa macho. Mwanamke anasema, "Haya."

Je, amempa?

Sina hakika hata kidogo. Kuna "ndiyo" nyingi duniani zinazotoka kwa sababu "hapana" ingekuwa na gharama. Mhudumu wa hoteli hawezi kukukatalia kwa urahisi. Mtoto hawezi. Mtu ambaye bosi wake ndiye aliyekuleta hawezi. Katika jamii nyingi, kumkatalia mgeni uso kwa uso ni fedheha kwa mwenyeji mwenyewe, kwa hiyo anakubali na kulibeba lake moyoni. Anayeomba, akiwa na pesa na tiketi ya kuondokea, ana nguvu ambazo yeye mwenyewe hazioni.

Kwa hiyo kuomba peke yake hakunisafishi. Kinachobaki ni namna ya kuomba ambayo inamwachia mtu nafasi ya kukataa bila aibu. Niombe mikono ikiwa mitupu, kamera ikiwa bado mkobani. Niombe baada ya mazungumzo, na mazungumzo yawe ya kweli, yale ambayo ningeyafanya hata kama kamera ingekuwa imeharibika. Kusitasita nikuchukulie kuwa ni hapana. Kicheko cha haya pia. Na nimweleze picha inakwenda wapi, maana kukubali kuonwa na mtu mmoja aliyesimama mbele yako si kukubali kuonwa na maelfu usiowajua.

Wapo wanaosema mtu akitaka malipo kwa picha yake basi ukweli umeharibika. Mimi naona kinyume chake. Anayetaja bei amesimama mahali ambapo anaweza kukataa. Namheshimu zaidi yeye na mapatano yake kuliko mpiga picha anayejificha nyuma ya nguzo akitafuta "uhalisia".

Rafiki yangu niliyemsimulia haya alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, ukisafiri hivyo utarudi bila picha ya binadamu hata mmoja."

Inawezekana. Nimelifikiria hilo, na naona ninaweza kuishi nalo.

Zawadi inayochukua

Kwenye suala la picha angalau mtu anajua kwamba anaondoka na kitu. Kuna mahali ambapo msafiri anaamini anatoa, moyo wake unachangamka kwa kutoa, na kumbe anachukua.

Nazungumzia ziara za vituo vya watoto yatima. Nchini Cambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, idadi ya vituo vya kulelea watoto iliongezeka kwa takriban robo tatu. Si kwamba vifo vya wazazi viliongezeka kwa kiasi hicho. Wageni walikuwa wengi, wenye huruma na wenye michango, na sehemu kubwa ya watoto waliokuwa vituoni walikuwa na mzazi aliye hai. Familia maskini zilishawishiwa kuwatoa watoto wao kwa ahadi ya shule na chakula. Mtoto akawa kivutio. Wakati mwingine kituo kilichokuwa hohehahe zaidi ndicho kilichopata zaidi, kwa hiyo palikuwa na faida katika kuwaacha watoto wakiwa na hali mbaya.

Shirika la UNICEF na mashirika mengine ya watoto yamekuwa yakiwasihi wasafiri waache ziara hizi. Australia ililichunguza jambo hili kwa kina ilipokuwa ikiandaa sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa mamboleo, na ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kulitambua kuwa ni aina ya usafirishaji haramu wa watoto.

Sehemu hii naiandika kwa uchungu. Mtu anapoingia kituoni na mipira na pipi, watoto wanamkimbilia, wanamkumbatia, wanampandia mapajani. Anatoka akilia, na machozi yake ni ya kweli. Lakini mtoto anayemkimbilia kila mgeni aingiaye mlangoni ni mtoto aliyejifunza kwamba watu wazima huja na kuondoka, huja na kuondoka. Wiki ijayo atamkimbilia mwingine. Wataalamu wa malezi wamekuwa wakionya juu ya hili kwa miaka mingi. Kile mgeni anachoondoka nacho ni hisia nzuri kuhusu yeye mwenyewe. Kile kinachobaki ni mtoto aliyeachwa tena.

Na nani aliyempa ruhusa? Mtoto hawezi kuitoa. Mzazi hayupo. Mwenye kituo ndiye anayefaidika. Ukiuliza swali la Palau mlangoni pale, hakuna mtu ndani ya jengo lile mwenye haki ya kukupa unachokwenda kuchukua.

Kama mtu ana pesa ya kusaidia watoto, zipo njia za kuisaidia familia imlee mtoto wake nyumbani. Hazina picha. Ndiyo tabu yake.

Kitanda cha nani

Mengine nitayapitia kwa kifupi, ingawa siyo madogo.

Katika miaka ya 1950, kitovu cha kale cha Venice kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Serikali ya Italia ilizuia meli kubwa za utalii kupita kwenye mfereji wake wa Giudecca mwaka 2021, na mwaka 2024 mji ukaanza kuwatoza euro 5 wageni wa siku moja katika siku zenye msongamano. Barcelona nayo, kupitia meya wake Jaume Collboni, ilitangaza mwaka 2024 kwamba itafuta leseni za nyumba zaidi ya 10,000 za kupangisha watalii ifikapo mwisho wa 2028.

Haya yananihusu kwa sababu msafiri lazima alale mahali. Fleti niliyoiona mtandaoni, yenye dirisha zuri na maelezo ya kuvutia, imekubaliwa na mwenye nyumba. Lakini je, ghorofa nzima imekubali? Mpangaji aliyehamishwa alikubali? Mwalimu anayesafiri saa mbili kufika kazini kwa sababu karibu na shule hakuna tena nyumba ya kupanga, yeye aliulizwa?

Hapa swali langu linapungukiwa nguvu, nakiri hivyo. Mji hauna mdomo mmoja. Mmoja anakukaribisha, mwingine anakuchukia, na wote wawili ni wenyeji. Kwenye gati lile lile, nahodha wa boti yetu alikuwa akitabasamu mpaka gego la mwisho. Kwake sisi tulikuwa riziki. Siwezi kusema mwanamke wa nyavu ni mwenyeji wa kweli na nahodha si wa kweli.

Nilichoamua ni kidogo: nikiwa na uwezo wa kuchagua, nalala kwenye nyumba ya wageni inayoendeshwa na mtu anayeishi humo humo au jirani, ambaye akiharibu maisha ya mtaa atakutana na majirani zake asubuhi. Sijui njia bora zaidi ya hiyo kwa mtu wa kawaida.

Mgongo wa mtu

Kwenye Njia ya Wainka, ile inayopanda milima ya Peru hadi Machu Picchu, wanaruhusiwa watu 500 tu kuanza safari kila siku. Zaidi ya nusu yao si watalii. Ni wapagazi, wapishi na waongozaji. Ukitazama picha zinazoletwa kutoka njia ile, hutadhani hivyo. Utaona milima, ukungu, magofu, na msafiri mmoja amesimama peke yake amenyoosha mikono.

Peru ilipitisha sheria mwaka 2001 iliyoweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, kwa sababu kabla ya hapo watu walibebeshwa mizigo iliyowavunja. Sheria ipo. Lakini kati ya kampuni inayoifuata na ile inayoikwepa kuna tofauti ya bei, na tofauti hiyo msafiri huiona akiwa nyumbani, kwenye skrini, kama punguzo. Haioni kama mgongo wa mtu.

Ndiyo maana siku hizi nikipata bei iliyo chini mno kuliko nyingine zote, siioni kuwa ni bahati. Nauliza nani amelipia kilichopungua. Wapagazi wanalala wapi usiku? Mvua ikinyesha wana nguo gani? Wanalipwa lini, na mkononi mwa nani? Kampuni nzuri hujibu maswali haya upesi, hata kwa fahari. Nyingine hukaa kimya, au hukutumia tena picha ya mlima.

Basi tusitoke nyumbani?

Kwa siku kadhaa nilidhani jibu la uaminifu ni hilo. Tusiende. Ndege peke yake inachangia asilimia 2 hadi 3 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa ya watu duniani hawajawahi kupanda ndege. Ukiongeza na yote niliyoyataja, kubaki nyumbani kunaonekana kuwa heshima kamili.

Lakini dunia ilishajaribu. Mwaka 2019 safari za kimataifa za watalii zilikaribia bilioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Maji ya baadhi ya mifereji na ghuba yalitulia, ni kweli, na watu walisambaza picha hizo kwa furaha. Zisizosambazwa sana ni habari za waongozaji waliouza vifaa vyao, hifadhi zilizokosa mishahara ya walinzi, vijiji vilivyokuwa vimejenga maisha yao yote juu ya mgeni atakayekuja. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwaka ule wenyeji wengi hawakupona kwa kutembelewa na kimya.

Kwa hiyo sidhani kwamba kutokwenda ni usafi. Kutokwenda pia kunamgharimu mtu. Pengine twende mara chache zaidi, tukae muda mrefu zaidi, na tufike kwa njia ya ardhi au maji panapowezekana. Ila siwezi kujidanganya kwamba nikijifungia ndani nimemaliza deni langu kwa watu ambao sitawaona.

Barua ninayoisubiri

Mwezi ujao nasafiri tena, na watu wengine, kwenda mahali ambapo sijawahi kufika. Mwandaaji wa safari alitutumia ratiba. Siku ya tatu, kati ya maporomoko ya maji na machweo, kulikuwa na saa moja ya "kutembelea shule ya kijiji na kuonana na wanafunzi". Ilikuwa siku ya masomo.

Nilimwandikia kumuuliza kama walimu wameombwa. Alijibu kwa uungwana kabisa kwamba shule hupokea wageni kila msafara unapopita na hupewa mchango, na kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwandikia tena kwamba hilo halijibu swali langu. Akasema atazungumza na mwalimu mkuu, lakini akanikumbusha, na ana haki, kwamba wenzangu msafarani wanaitazamia sana saa ile na mchango ule unanunua vitabu.

Nimependekeza mchango tuutume hata tusipokwenda, na kama walimu wenyewe wanapenda kuonana nasi, wachague siku ambayo hakuna masomo na watupangie mahali. Wawili kati ya wenzangu wameniunga mkono. Mmoja amekasirika, anaona nawanyima watoto furaha. Mwandaaji amesema ujumbe ameufikisha shuleni, na kwamba mwalimu mkuu aliposikia anaulizwa alinyamaza kidogo, kisha akaomba apewe siku chache akaongee na wenzake.

Bado hajajibu.